Mwanzo ni wapi? Neno moja la Kiingereza na mji wetu



Leo sitaongea siasa. Nataka tuongee juu ya neno moja la Kiingereza, neno ambalo kila mmoja wetu aliliandika kwenye daftari la sekondari na kuliacha hapo: "beginning". Mwalimu alituambia kwa Kifaransa ni "commencement", kwa Kiswahili ni "mwanzo". Tukapiga mstari chini yake, tukaendelea na neno lingine. Mimi pia. Nimesoma Kiingereza chuoni miaka yote ile, nimepewa shahada, na bado nililitumia vibaya neno hilo mbele ya watu. Ngoja nieleze namna gani.

Miezi kadhaa iliyopita, kikundi kimoja cha vijana hapa Kisangani kilikuwa kinangojea wageni wasiojua Kifaransa. Wakaniomba nusu ukurasa wa Kiingereza juu ya mji. Kazi ya bure, lakini unajua namna inavyokuwa, ukimaliza masomo na huna kazi, kila mtu anakuambia "wewe si uko na muda?" Nikakaa, nikaandika kwa dakika kumi. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba "the beginning of Kisangani" ni Desemba 1883, wakati Stanley aliweka kituo chake hapa kwenye maporomoko. Nikasoma kwa sauti. Wote wakasema "bien". Isipokuwa mmoja, leki yetu, binti wa Wagenia, yuko mwaka wa pili. Akaniangalia, akasema:

"Yaya, 1883 bankambo yangu balikuwaka tayari pale kwenyi mayi banavua samaki. Sasa ile mwanzo ni ya nani?"

Nilicheka kidogo. Nikamwambia ni namna ya kusema tu, kila kitabu kinasema vile. Lakini usiku ile swali ilinikataza kulala. Juu ya hiyo naandika leo.

Kwanza, sarufi. Waingereza wako na maneno mawili tunayoyachanganya kila siku, "start" na "beginning". "Start" ni nukta. Mpira unaanza, refa anapiga filimbi, ni "start". Unapiga teke moto-toleka yako asubuhi, injini inaitika, ni "start". "Beginning" iko na urefu. Mwanzo wa kitabu uko na kurasa, mwanzo wa mwaka uko na wiki. Ni kipande cha kitu chenyewe, kama vile kichwa ni kipande cha samaki.

Tena, angalieni vihusishi vyake vidogo, pale ndipo wengi tunakosa kwenye mtihani. "In the beginning" ni kusema hapo kwanza, zamani, na msikilizaji anaelewa mara moja kwamba baadaye mambo yaligeuka. "At the beginning" inadai kitu nyuma yake: "at the beginning of the year", "of the book", "of the road". Hata usipotaja kitu hicho, msikilizaji lazima awe anakijua. Mwanzo bila kitu unachoanza ni kama kichwa cha samaki bila samaki.

Sasa turudi kwenye sentensi yangu. "The beginning of Kisangani". Kisarufi, sina kosa hata moja. Mwalimu angenipa alama zote. Lakini nilisema kwamba mwaka 1883 ni kichwa cha samaki huyu. Je, ni kweli?

Tumwulize Stanley mwenyewe. Mwaka 1885 alitoa kitabu cha juzuu mbili, "The Congo and the Founding of Its Free State". Neno "founding" kwenye jina la kitabu ni ndugu wa "beginning", lakini ni ndugu mwenye majivuno. "Beginning" inaweza kutokea yenyewe, kama mvua. "Founding" lazima iwe na mtu aliyefanya, na mtu huyo ndiye anaandika kitabu. Haya. Ukisoma sehemu ya safari ya Desemba 1883, unakuta nini? Unakuta watu. Stanley anakuta wavuvi wa Wenya kwenye maji, anakuta wakubwa wa mahali, anakaa nao kuzungumza, anatoa bidhaa ili apewe nafasi kwenye kisiwa. Halafu anamwacha pale fundi mmoja Mscotland, jina lake Binnie, na askari wachache, yeye anarudi chini kwa mto.

Mnaona? Mtu hawezi kulipa nafasi mahali pasipo na wenyewe. Kitabu kinasema "founding" kwenye jalada, na ndani kinaeleza mkutano wa mgeni na wenye mahali. Ushahidi dhidi ya neno lake ameuandika yeye mwenyewe. Na hiyo haikuwa mara yake ya kwanza: alikuwa amepita hapa Januari 1877, akishuka na mto, na safari ile alipigana na wakaaji wa kando ya mto mara nyingi. Huwezi kupigana na watu mwaka 1877, halafu mwaka 1883 ukasema unaanzisha mahali pao.

Tena hicho kituo chenyewe, hakikudumu. Mwaka 1886 kilishambuliwa na watu wa misafara ya Waarabu na Waswahili, wazungu wakakimbia, kituo kikateketea. Mwaka 1887, kule Zanzibar, Tippu Tip akakubali kuwa wali wa Stanley Falls kwa jina la dola ya Mfalme Leopold. Kwa hiyo, hata kwa hesabu ya wakoloni, kuna mianzo mitatu katika miaka minne: ule wa 1883, ule wa kuteketea, na ule wa wali. Sisi tumechukua mmoja, tumeuandika kwenye hotuba na kwenye kazi zetu za mwisho wa masomo, tumeuita "mwanzo". Kwa nini huo? Juu ya mwandishi wake alikuwa na mchapishaji London. Sioni sababu nyingine.

Sasa ngojeni, kuna mwingine. Mwaka 1890 Conrad, kijana Mpolandi aliyekuwa baharia, alipanda mto na meli "Roi des Belges" hadi hapa kwetu. Miaka tisa baadaye akatoa "Heart of Darkness". Kitabu hakitaji mto wala mji kwa jina, lakini safari yake ndiyo ile, na mwisho wake ni hapa. Msimulizi Marlow anaona kupanda mto ni kama kurudi kwenye utoto wa dunia, kabla ya watu kujipanga na kuwa na historia. Neno analolitumia ni letu hili, tena kwa wingi: "beginnings".

Hapa ndipo nilisimama usiku ule. Wekeni hivi vitabu viwili pamoja. Cha Stanley kinasema hatukuwa na mwanzo mpaka 1883. Cha Conrad kinasema sisi bado tuko kwenye mwanzo wa dunia. Kwa mmoja tumechelewa kuanza. Kwa mwingine tumekwama kwenye kuanza. Vinapingana kabisa kabisa, lakini matokeo ni yale yale: wakaaji wa maporomoko hawana wakati wao. Hawana jana. Kwa Stanley jana yetu ni tupu, kwa Conrad jana yetu ni leo.

Nawajua wasomaji wa ukurasa huu, mtaniambia: "Ndugu, Achebe alishamaliza hiyo maneno." Ndiyo. Mwaka 1975, katika hotuba yake kule Massachusetts, Chinua Achebe alimwita Conrad mbaguzi wa rangi bila kuzungusha maneno, na nadhani alikuwa na haki zaidi kuliko wale waliomkasirikia. Lakini mimi naongeza jambo dogo, kama mtu wa hapa. Conrad alikuwa anaandika hadithi, na kuna wanaomtetea kwamba Marlow si yeye. Kubali hata hivyo. Mwaka ule wa 1890 hapa palikuwa na nini? Palikuwa na wavuvi waliosimamisha kwenye majabali magogo ya kutundikia mitego ya samaki. Palikuwa na mashamba ya mpunga ya watu wa misafara. Palikuwa na biashara ya pembe za ndovu, na pamoja nayo biashara ya watu, tusifiche. Palikuwa na wali, na kodi, na ugomvi wa nani anatawala. Yaani palikuwa na siasa! Mahali penye siasa ya namna ile hapako kwenye utoto wa dunia. Pako mwaka 1890, kama London.

Naipaul naye alikuja na "A Bend in the River", mwaka 1979. Hataji jina, lakini kila mtu wa hapa anaujua ule mji kwenye pindo la mto. Salim, mfanyabiashara kutoka pwani ya mashariki, anafika baada ya machafuko na kukuta magofu. Ni kitabu kilichoandikwa vizuri, sitasema uongo. Lakini humo pia mji unaanza, unavunjika, msitu unarudi, unaanza tena. Ni kama injini ya moto-toleka ya zamani: "start", inazima, "start", inazima. Kwake sisi tuko na "start" nyingi na hatuna "beginning" hata moja, maana "beginning" ingedai kuendelea.

Basi, nifanye nini? Jibu rahisi ni kusema: tuwaache wazungu na maneno yao, turudi kwenye asili. Mimi pia nilijaribu. Nikafungua karatasi mpya, nikaandika kwamba jina la kweli la mji ni Kisangani, na Stanleyville lilikuwa jina la kubandikwa tu mpaka 1966. Nikafurahi. Halafu nikaanza kuliangalia jina lenyewe. Kisangani. Mwishoni kuna "-ni", ile ya mahali, kama nyumbani, kama mtoni. Hiyo ni sura ya Kiswahili. Wengi wanalieleza kama namna watu wa misafara walivyoligeuza jina la wenyeji, Boyoma. Ndiyo sababu mpaka leo tunajiita Boyomais. Kwa hiyo mwaka 1966, tulipotoka kwa Stanley kurudi "kwenye mwanzo", tulirudi nusu ya njia tu. Tulishukia kwa Tippu Tip.

Na hii lugha ninayoandika nayo? Kiswahili kilifika hapa na misafara ile ile. Kilifika na wabeba mizigo, na wake zao, na watu waliokamatwa vijijini wakajifunza lugha ya waliowakamata. Tippu Tip mwenyewe alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, ni kati ya maandiko ya kwanza ya namna hiyo katika lugha yetu, na anaanzia kwenye safari zake za biashara za ujana. Ni haki yake, kila mtu anaanzia kwake. Lakini mwanzo wa Tippu Tip si mwanzo wa mvuvi. Tusitoke kwenye mtego wa Kiingereza na kuingia kwenye mtego wa Kiswahili tukijisifu.

Hata hivyo, Kiswahili kinatusaidia mahali pamoja. Kinatofautisha "mwanzo" na "chanzo". Mzizi ni mmoja, kuanza, lakini kazi ni mbili. Mwanzo unajibu "lini?" Chanzo kinajibu "kutoka wapi, juu ya nini?" Sisi watu wa Kisangani hatuhitaji mwalimu kutufundisha tofauti hiyo. Mwanzo wa Vita ya Siku Sita unajulikana: tarehe 5 Juni 2000, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda yakipigana ndani ya mji usio wao, mpaka tarehe 10. Ukiuliza mwanzo, mtoto wa shule atakujibu. Ukiuliza chanzo, utasikia madaraka, utasikia almasi, na mazungumzo hayataisha leo. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, mwaka 2022, iliiamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa yale yaliyotokea katika vita ile ya nchi yetu, Kisangani ikiwemo. Mahakama haifanyi kazi na tarehe peke yake. Inauliza: nani alisababisha? Anayejua mwanzo tu anabaki na kumbukumbu. Anayeweza kuonyesha chanzo anaweza kudai.

Ndiyo maana naona swali la leki halikuwa la ukaidi wala la ukabila. Tukiandika kwamba mji ulianza 1883 na kituo, chanzo cha mji kinakuwa Stanley, na Wagenia wanakuwa kitu cha kuonyesha watalii, picha nzuri ya mitego na mitumbwi. Anayeitwa mwenye mahali anaulizwa mambo ya ardhi, ya mto, ya barabara. Anayeitwa picha anapigwa picha.

Sasa jambo la mwisho, linatuhusu sisi wenye shahada moja kwa moja. Mnajua kwamba Wamarekani, siku ya kupewa shahada, wanaiita "commencement"? Nilipolisikia mara ya kwanza nilidhani mtu amekosea. Kwetu kwa Kifaransa "commencement" ni mwanzo, na sherehe yetu tunaiita kolasio. Kumbe wao wanataka kusema: hapa unaanza kuwa mwenye shahada, hapa maisha yanaanza. Fikra hiyo imefika kwetu pia. Kwenye kolasio yangu mzee mmoja alisimama na toga yake, akatuambia kwa sauti nzito: "Huu si mwisho, huu ni mwanzo." Tulipiga makofi. Mama yangu alilia. Chuo chenyewe, kumbukeni, kimeanza mara tatu: 1963 kama Chuo Kikuu Huru cha Kongo, 1971 kikamezwa ndani ya UNAZA, 1981 kikawa Chuo Kikuu cha Kisangani. Tumezoea mianzo.

Lakini sasa, na sarufi mkononi, naweza kumwuliza mzee yule kwa heshima: papa, mwanzo wa nini? "At the beginning of" nini? Neno hili linadai kitu nyuma yake. Miaka inapita, najaza karatasi za kuomba kazi, nafundisha watoto wa jirani Kiingereza, rafiki yangu mwenye shahada ya sheria anaendesha toleka kutoka Makiso mpaka Mangobo. Si aibu, kazi ni kazi, na abiria wanampenda. Lakini asiambiwe kila mwaka kwamba yuko kwenye mwanzo. Hiyo ndiyo Conrad anatufanyia: kutuweka kwenye mwanzo usioendelea. Ukimwambia kijana wa miaka thelathini kwamba anaanza, umefuta yote aliyoyafanya kabla, na hujampa kitu cha baadaye.

Rafiki huyo alianza kutafuta pesa akiwa na miaka kumi na tatu, akiuza maji. Alijilipia masomo yake mwenyewe. Kolasio haikuwa mwanzo wake, kama vile kituo cha Binnie hakikuwa mwanzo wa mji. Zote mbili ni siku ambayo mtu mwenye karatasi alifika na kuandika tarehe.

Ule ukurasa wa wageni niliuandika upya. Nililitoa neno "beginning" kabisa. Niliandika kwamba watu walikuwa wakivua samaki kwenye maporomoko haya kabla ya tarehe yoyote iliyoandikwa. Kwamba Desemba 1883 Stanley aliweka kituo hapa baada ya kupatana na wakubwa wa mahali. Kwamba kituo kiliteketea mwaka 1886. Kwamba mji uliendelea. Sentensi nne. Si nzuri kama ile ya kwanza, hazina mlio.

Nikamtumia leki asome kabla ya wageni kufika. Akajibu: "Yaya, sasa iko sawa. Lakini majina ya bale bakubwa iko wapi? Binnie, yeye unamujua jina."

Bado natafuta.